Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Moja

Alhamisi ya tatu ya mwezi, kama kawaida,
Chama cha Historia cha Sint-Joosdijk
kilikutana katika ghala la zamani la viazi.
Mimi, katibu, nilihesabu viti mara mbili: arobaini.
Waliokuja, thelathini na mmoja,
na mbwa wa Krijn, ambaye hajawahi kukosa kikao.
Kahawa ilikuwepo. Biskuti, moja kwa kila mtu,
kisha Pieternella akafunga kopo
kwa ule mlio tunaoujua sote.

Bwana Haverkamp, mwandishi, alitoka mjini,
shati limepigwa pasi upande wa mbele tu,
kitabu chake kinene kama tofali:
miaka tisa ya kufukua makabrasha,
kurasa mia nne na ushei juu ya siku moja
ndege zilipokuja kupasua tuta letu
ili bahari iingie, imfukuze adui.
Alieleza vizuri. Sitamnyima haki yake.
Mabomu aliyajua kwa tani,
ufa aliujua kwa mita,
alijua hata mawingu yalivyokaa saa saba mchana.
Picha zilipogoma ukutani
alilichora tuta hewani kwa mikono,
na sisi, tuliozaliwa chini ya usawa wa bahari,
tukainua miguu kidogo, bila kujijua.

"Raia walionywa," alisema. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.
Siku moja kabla, zilidondoshwa karatasi."

Hapo Leuntje Wisse akasimama.
Hakunyoosha mkono. Ana miaka themanini na saba,
ameshainyoosha vya kutosha.

"Ziliangukia shamba letu la vitunguu," alisema.
"Kaka yangu Marinus aliokota moja.
Miaka tisa, na kusoma kulimpiga chenga.
Aliikunja mashua."
Akatuonyesha: hivi, kisha hivi, kisha unageuza,
vidole vyenye mafundo
vikiikunja hewa bila kukosea.
"Kutwa nzima alitafuta pa kuielekeza majini.
Mtaro ulikuwa mkavu.
Pipa la mvua, mama alimkataza.
Akailaza dirishani, akasema: kesho.

Kesho yake maji yakaja yenyewe."

Akaketi.

Birika la kahawa likapiga chafya, likanyamaza.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Yetu yalizoleka: mwaka mzima wa pampu na matope,
chumvi ikabaki ardhini,
miti ya matunda ikafa imesimama.
Picha zake tunazo, zimeorodheshwa, sanduku la saba.
Marinus hayumo katika sanduku lolote.

Mwandishi angeweza kusema onyo ni onyo.
Nilimwona akilitafuna neno, akalimeza.
Akatoa penseli, akafungua nakala yake mwenyewe,
akauliza, taratibu, jina la kaka linaandikwaje,
na Leuntje akamtajia herufi moja moja
kama mtu anayekuhesabia chenji
na hakuamini.
Kisha akauliza kitabu ni bei gani.
Akaambiwa.
Akasema ni ghali, kwa kitabu chenye kosa.
Tukacheka, sote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno.

Alirudi kwao kwa baiskeli, taa imewaka,
akifuata njia iliyo juu ya tuta.

Usiku niliandika kumbukumbu za kikao.
Waliohudhuria: thelathini na mmoja.
Vitabu vilivyouzwa: sita, kimoja kwa punguzo.
Kahawa: ilitosha.
Maswali: moja.

Nikalifuta neno "maswali".
Nikaandika "maoni", nikalifuta.
Nikaandika "masahihisho", nalo likawa dogo,
kiatu cha mtoto kwenye mguu wa mtu mzima.
Nje upepo wa kaskazini-magharibi
ulikuwa ukilipapasa tuta kama kila usiku.

Kikao kijacho ni mwezi ujao: mada, kengele za kanisa.
Wanachama watazipitisha kumbukumbu hizi kwa kuinua mikono,
na mstari ule bado una namba tu,
moja,
na nafasi nyeupe mbele yake.